Kikohozi cha Mkwe

Mume wangu aliniahidi kitu kimoja tu: tukifika Kisumu, sitawasha moto. Miaka yangu yote kwenye mashamba ya chai huko Kericho nilikuwa naamka kuwasha moto, nachuma majani mvua ikininyeshea, narudi jioni kuwasha moto tena. Kuni zenyewe mbichi, moshi mtupu. Basi alipopewa likizo kiwandani akasema tutakwenda mjini, tule hotelini, tukae mezani kama watu. Niliingojea siku hiyo kuliko nilivyoingojea harusi yangu.

Mama yangu alikuwa amekuja kumwona mjukuu, na sasa alikuwa anarudi kwao ziwani, kwa hiyo tukasafiri pamoja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Hata mtu aliyesimama karibu naye, yeye alimwona kama kivuli tu, na kila aendako nilimshika mkono.

Kwetu sisi watu wa ziwani, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani, hawali pamoja, wala hawalali chini ya paa moja. Kule kambini kwa wachuma chai mama alilala kwa mjane jirani. Mume wangu akitoka kazini alianza kukohoa tangu kwenye mfereji, koh! koh!, ili mama kama yuko kwangu ajitande shuka na kuondoka. Alikuwa amebatizwa, na kwaya aliimba, lakini kwa habari ya mkwe hata padri asingemweleza kitu.

Masaibu yalianza ndani ya lori lililotupeleka stesheni ya Lumbwa. Mama aliketi akitazama mbele, mume wangu akatazama tulikotoka, nami nikawa katikati na mtoto mgongoni na kuku wa mama mapajani.

"Ambia mama ashike kamba, hii barabara ni mbaya," akasema mume wangu.

"Mwambie mkwe wangu nimeshika," akajibu mama, hata sijafungua mdomo.

"Sasa kama mnasikiana, mimi ni wa nini?" niliuliza. Kwenye treni mambo yakawa yale yale. Fort Ternan mume wangu alinunua ndizi dirishani akanipa nimpe mama, mama naye akachomoa moja akanipa nimrudishie.

Tulikuwa tumepanga kwamba tukifika Kisumu mama apande lori la abiria aende zake. Aliposhuka kwenye treni akasimama, akavuta hewa ya ziwa. "Nimezeeka bila kuona mji," alisema, "na haya macho hayanisubiri." Nani angemkatalia? Tatizo ni kwamba mume wangu alikuwa ameazima chumba kimoja tu, nyuma ya soko. Alikitazama kile chumba, akatazama viatu vyake, akaenda kulala kwa rafiki yake bandarini. Hiyo ndiyo likizo yangu na mume wangu, na mume wangu yuko bandarini!

Nikasema liwalo na liwe, hotelini tutakwenda. Kesho yake mchana niliwapanga mwenyewe: mume wangu meza ya mlangoni, mama meza ya ndani kabisa, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Pilau ikaja, inanukia. Sikuwa nimeipika mimi, na hilo peke yake lilinishibisha nusu. Ndipo mama akageuka kuniomba maji, wakati ule ule mume wangu anapeleka tonge mdomoni. Kwa macho yale mama asingeona hata sahani, lakini mume wangu aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akatoka mbio na tonge lake mkononi. Mama aliposikia kiti kikianguka alielewa kilichotokea. Akajitanda shuka, akapapasa ukuta, akatokea mlango wa nyuma. Nikabaki na mtoto na sahani tatu, na mwenye hoteli, Mnubi mmoja mnene, akiniuliza kama pilau yake ina kasoro. Nilizila zote tatu kwa hasira.

Nilipotoka nyuma, mama hayupo. Nilipita kwa wauza nguo na kwa wauza vyungu nikiita, na hasira yote ikanitoka, ikabaki hofu. Mume wangu nilimkuta amekaa kivulini. "Mama amepotea," nilimwambia, na machozi yakanishinda. Akasimama. "Wewe rudi kwa nyumba, labda ataulizia huko. Mimi natafuta." Atamtafutaje mtu asiyeweza kumwita wala kumshika mkono? Nilirudi nikakaa mlangoni, nikimwomba Mungu na kumlaani aliyeanzisha mila hizi.

Jua lilikuwa limeinama niliposikia kikohozi. Koh! Kimya. Koh! Mume wangu akatokea kwenye kona, polepole, uso ameuelekeza mbele, hageuki. Alipofika kwenye mtaro alisimama akakohoa mara mbili, kwa nguvu. Nyuma yake alikuja mama, amejifunika kichwa, mikono mbele, akifuata kile kikohozi hatua kwa hatua. Kwenye mtaro naye akasimama, akapapasa kwa mguu, akavuka. Kikohozi kilichokuwa kinamfukuza nyumbani kwangu kila jioni ndicho kilichomleta. Nilicheka nikilia. Mume wangu alipita mlangoni bila kusimama, akaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Nilimketisha mama. "Kifua cha mkwe wangu kimekwisha," alisema. "Amekohoa tangu kule kwa samaki, na hajala. Mpikie uji."

"Mama, mimi niliahidiwa kwamba sitawasha moto."

"Mpikie."

Nikaazima jiko kwa jirani. Makaa yenyewe yalikuwa na unyevu.

"Ambia mama asante," ikatoka sauti iliyokauka nyuma ya ukuta.

"Mwambie mimi ndiye wa kushukuru," akasema mama.

Safari hii niliwafikishia wote wawili, neno kwa neno, huku nikipuliza moto.