Kazi Yake ni Kunyamazisha Mtaa

Umande haujakauka, na msichana mwenye kofia ya kitambaa amesimama mlangoni mwa karakana ya mageti, akimbembeleza fundi asipige nyundo. Nyuma ya ukuta, katika nyumba iliyokodiwa, watu wa filamu wanapanga taa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umekuja tena kunifungia kazi?"

Wenzake wanamwita Kimya. Jina hilo alilipata siku yake ya kwanza kazini. Kamera ilikuwa imeshawashwa na bibi mmoja, mwigizaji mkongwe, ameanza kulia, ndipo yeye, kwa bidii ya mgeni, akapaza sauti: "Kimya, jamani!" Mtaa mzima ulikuwa umetulia, mwenye kelele ni yeye. Machozi ya bibi yule yakakatika, na kwake machozi hayaji mara mbili kwa siku.

"Nilitamani ardhi ipasuke inimeze," anasema. Siku hizi anaweza kulicheka kosa hilo.

Amesomea uongozaji wa filamu. Filamu yake ya kuhitimu ilipigiwa makofi chuoni, akadhani milango itafunguka yenyewe. Akatuma maombi kwa kila kampuni aliyoisikia. Nyingi hazikujibu, na zilizojibu ziliulizia uzoefu.

"Kila mtu anataka mwenye uzoefu, lakini wa kukupa huo uzoefu humwoni," anasema.

Alipiga picha za harusi na kuhariri matangazo ya maduka kwa zaidi ya mwaka, hadi alipopata kazi hii, ya chini kuliko zote: kuzungukia majirani akiomba redio zizimwe na kuku wafungiwe.

Mama yake, mshona nguo, hakumung'unya maneno. "Nimekesha kwenye cherehani usomee kuongoza, leo unaongoza kuku?"

Yalimchoma, kwa sababu hata yeye alikuwa akijiuliza hivyo hivyo.

Leo tukio la kilio linarudiwa. Meneja wa filamu amemweleza waziwazi kwamba sauti ikiharibika tena, asitegemee kuitwa kwenye filamu ijayo. Fundi naye ana geti ambalo mteja wake analifuata leo hii hii.

Siku zote Kimya alikuwa akiomba utulivu wa kutwa nzima, na kumwomba mtu aache riziki yake ni kutwanga maji kwenye kinu. Leo amekuja na kitambaa chekundu, anakitundika juu ya ukuta.

"Ukikiona, mzee, gonga utakavyo. Nikikishusha, pumzika kidogo. Sisi tunapanga taa muda mrefu kuliko tunavyopiga picha."

Fundi anajikuna kidevu. "Hayo sasa ndiyo maneno. Ungesema tangu juzi."

Asubuhi yote kitambaa kinapanda na kushuka. Kisha inafika zamu ya bibi. Kitambaa kinashuka, nyundo inatulia, na kilio kinaanza chini chini. Bibi anakirefusha kupita walivyofanya mazoezi, na mwongozaji hamkatizi.

Mwenye geti anaingia karakanani, mdomo tayari uko wazi. Kimya anamwona kutoka kwenye ukuta. Kabla mteja hajatamka, fundi ameshaweka kidole mdomoni, mkono wa pili ukielekeza ukutani. Mteja anabaki hivyo hivyo mpaka bibi amalize kulia.

"Sauti safi," anasema mnasa sauti, akivua hedifoni.

Meneja si mtu wa maneno mengi. "Filamu ijayo utashika kibao," anamwambia, akimaanisha kile kinachopigwa mbele ya kamera kabla ya kila picha. Ni ngazi ya pili kutoka chini, na Kimya ana furaha isiyo kifani.

Anampigia mama yake simu palepale. "Mama, leo nimewanyamazisha wote, hadi fundi."

"Haya, ukirudi mnyamazishe na baba yako," mama anajibu, na sauti yake ina kicheko.

Kimya anaandika filamu yake mwenyewe, ya mshona nguo, na anataka kuipigia picha nyumbani kwao. Anaulizwa, na kelele za cherehani je?

"Ile sitaizima," anasema. "Ndiyo iliyonisomesha. Nataka watu waisikie."