Injini Mgongoni, Mlima Kuliani

Miaka kumi na miwili niliyokuwa Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, sikuwa nimeshika usukani wa kitu chochote, labda uuhesabu mpini wa jembe. Kwetu Uvira nilikuwa dereva. Mwaka wa kwanza nililitaja jambo hilo kisimani, jirani akaniuliza kama sikuwa rubani pia. Kambini kila mtu alikuwa kitu fulani kwao, na watu wamechoka kusikilizana. Tangu siku hiyo nikanyamaza, nikalima maharagwe.

Udereva nilifundishwa na baba. Alikuwa na pikapu ya kubeba watu na samaki kutoka Uvira hadi Baraka. Mungu alimpa mabinti watano na hakumpa mwana hata mmoja. Hakulalamika. Alimchukua wa kwanza, ambaye ni mimi, akamkalisha nyuma ya usukani. Barabara ile ukielekea Baraka mlima uko kuliani na ziwa liko kushotoni, na mahali pengine ziwa limekula lami na udongo na kuacha kipande cha kupita gari moja tu. Kwetu Kongo magari hupita upande wa kulia. Kwa hiyo ukienda unapita ubavuni mwa mlima, na ukirudi unapita ukingoni mwa maji. Baba alikuwa na neno lake, alilisema kila asubuhi kabla ya kuwasha: "Kwenda, kamata mulima. Kurudi, ni Mungu."

Kuna mjane mmoja aliyetaka dereva, tulikutana naye sokoni Mbarara. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia langu la maharagwe, na pikapu moja ilikuwa imeziba njia ya kushushia mizigo. Dereva wake alijaribu kurudi kinyumenyume mara nne, na mara zote nne akagonga nguzo ileile. Mimi hasira zangu ziko karibu, sina mahali pa kuzitunza. Nilimwambia ashuke. Watu wakacheka. Alishuka ili nami nichekwe. Niliirudisha pikapu hadi barabarani bila kugusa nguzo wala mtu, nikamrudishia ufunguo, nikaenda kukaa juu ya gunia langu.

Mama mmoja wa makamo, mwenye miwani na mkoba mzuri, alikuja kusimama mbele yangu.

"Wewe, nani alikufundisha motoka?" akauliza. Alikuwa na Kiswahili cha jeshi. Baadaye nilijua kwamba mumewe alikuwa ofisa, na walikaa kambi za jeshi miaka mingi.

"Njo baba, nyabo," nikamwambia. Neno hilo la nyabo ndilo la heshima huku, nami nalitumia hata nikiwa nimekasirika.

"Mimi iko natafuta dereva mwanamuke," akasema. "Jumapili kuja kwa nyumba."

Sababu ya kutaka mwanamke niliielewa nilipoliona gari. Lilikuwa uani, chini ya turubai, na alipolifunua nilidhani ni la kuchezea watoto. Gari dogo la Kijapani, jekundu, viti viwili tu, paa la kitambaa linalokunjwa na kulazwa nyuma. Mumewe aliliagiza siku alipostaafu. Maisha yake yote alipanda malori ya jeshi, akasema anataka kufa akiwa ameonja upepo. Aliuonja miezi saba. Sasa mjane alitaka apelekwe kila Jumapili kwenye kaburi lake, shambani kwao upande wa Isingiro, kwa gari lilelile na njia ileile. Lakini mjane na dereva mwanamume, bega kwa bega, paa wazi? Mbarara nzima ingepata la kusema mpaka Krismasi.

"Leo tunajaribu," akasema. "Ukiweza, kazi ni yako. Chumba iko pale nyuma. Ile permit ya Kongo tutabadilisha."

Sitaficha. Niliitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu tangu tuvuke mpaka. Chumba kizuri, ndiyo, na mshahara wa kila mwezi ungetusaidia. Lakini nilichokitaka hasa ni usukani. Niliuota usingizini, na asubuhi mume wangu alikuwa akiniambia, "Jana usiku umenipiga teke tena. Ulikuwa unashika breki?"

Baba alinifundisha kwamba gari husalimiwa kabla ya kuwashwa, yaani unafungua boneti, unatazama oili, unatazama maji, unagusa mikanda. Basi nikafungua boneti. Ndani kulikuwa na tairi la akiba na kofia ya mwanamume. Injini haikuwepo. Nilitazama tena, kana kwamba injini ni kitu cha kujificha nyuma ya tairi. Nikawaza kwamba limekaa chini ya turubai mwaka mzima na wezi wameshafanya kazi yao, na sasa nitasingiziwa mimi mkimbizi.

"Nyabo," nikasema polepole, "motere iko fasi gani?"

Alicheka mpaka akavua miwani. "Iko kwa mugongo," akasema, akapiga kifuniko nyuma ya viti. Halafu akaiokota ile kofia, akaipangusa, akairudisha palepale.

Injini mgongoni. Nimeendesha pikapu, nimeendesha lori la saruji, nimeendesha gari la wagonjwa la kituo cha akina mama, na zote zilikuwa na injini mbele, wewe ukiifuata kama mtu anayeswaga ng'ombe. Hii ilikuwa nyuma ya mbavu zangu, kati yangu na magurudumu ya nyuma. Nilipoiwasha nilisikia joto lake na pumzi yake kiunoni, nikakumbuka uzito wa mtoto mgongoni unapomfunga kitengeni. Ukimbeba vizuri, humwoni, lakini unajua kila anapojigeuza.

Tulitoka mjini taratibu. Kiti kiko chini sana. Macho yangu yalikuwa sawa na vitovu vya magurudumu ya malori, na watu wa bodaboda walituangalia kutoka juu kama watu wanaoangalia ndani ya sufuria. Kila tuta lilinitia hofu, nikalivuka kwa kuuma midomo, maana tumbo la gari lilikuwa kiganja kimoja tu juu ya lami. Mjini kuna magari mengi, na magari mengi ni walimu; unamfuata aliye mbele, unakaa kushoto kama wao, hukosei.

Baada ya nyumba za mwisho barabara ikafunguka. Pale ndipo nilipolielewa lile gari. Kwa kuwa mbele hakuna uzito, usukani ni mwepesi, na pua inaelekea unakotazama hata kabla hujaamua. Kwenye kona halijikokoti. Linageukia kiunoni, palepale ulipokaa wewe, mpaka unasahau kwamba kuna chuma. Nikaweka gia ya tatu, halafu ya nne. Sauti ya injini ilikuja sikioni kutoka nyuma, kama mtu anayekunong'oneza uongeze. Na paa wazi! Ndani ya pikapu ya baba tulinusa samaki na mafuta tu. Hapa niliinusa nchi nzima: mikaratusi, samadi ya ng'ombe, majani ya migomba yaliyolowa, moshi wa mtu anayepika. Machozi yalinitoka. Ningeweza kusema ni upepo, lakini haukuwa upepo. Nilikuwa na furaha, na sikuwa nimeizoea.

Mjane alikuwa ameegemeza kichwa, macho amefumba. Alikuwa na marehemu wake.

Barabara ikaanza kuteremka. Kuliani kilima, kushotoni bonde, na chini kabisa bondeni ukungu mweupe uliotandaa kama maji. Hakukuwa na gari mbele wala nyuma. Sijui niseme nini zaidi. Nilikuwa kwetu. Hata usukani ulikuwa kuliani, kama wa pikapu ya baba, maana magari yetu pia yalipitia Dar es Salaam. Hakuna kitu ndani ya gari lile kilichoniambia niko Uganda. Ziwa lilikuwa kushotoni, baba alikuwa pembeni yangu, na mikono yangu ikafanya ilichofundishwa. Ikakamata mlima.

Lori la matoke lilitokea kwenye kona, limejaa mpaka juu, likija moja kwa moja kifuani kwetu. Nilivuta usukani kushoto na kukanyaga breki pamoja, na hilo ni kosa katika gari la namna ile. Uzito wa mgongoni ukataka kutangulia. Umewahi kukimbia na mtoto mgongoni, kitenge kikalegea? Ndivyo ilivyokuwa. Nyuma ikazunguka, nikaachia breki, nikaurudisha usukani, gari likatikisika mara mbili na kusimama kwenye majani ya upande wa bonde. Lori likapita na honi yake na matusi yake, ambayo nilistahili yote.

Mjane alifumbua macho. "Nini?"

"Mbuzi, nyabo," nikasema.

"Pole. Hawa mbuzi ya hapa hawana adabu." Akafunga macho tena.

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ile yangu ilinifikisha hadi shambani. Mjane alikaa kaburini muda mrefu, akimweleza mumewe mambo kwa Kinyankore, na mara moja nilimsikia akicheka, nikajua anamsimulia habari ya boneti. Aliporudi alinishika mkono. Akasema, "Jumatatu leta nguo yako." Nikaenda kando ya migomba, nikampigia simu mume wangu. Nilisema tu, "Nimepata." Akasema, "Mungu mkubwa," halafu akaanza kunitania kwamba sasa atalala bila kupigwa teke, akanyamaza katikati ya maneno. Sisi hatujawahi kulala mbalimbali tangu tuvuke mto Ruzizi tukikimbia.

Safari ya kurudi ndiyo iliyoniharibia. Sasa kilima kilikuwa kushotoni na bonde kuliani. Gari likaimba, mimi nikaendesha kama maji, kila kona palepale, na mjane safari hii alitazama, akasema, "Unaendesha muzuri sana. Hata muzee hakukuwa anashika njia namna hii." Nikatazama mahali nilipo. Nilikuwa kushoto, upande wa sheria. Lakini sikuwa nimeufuata upande wa sheria. Nilikuwa nimekamata mlima tu. Asubuhi mlima uliniweka kwenye njia ya lori, alasiri mlima uleule ukaniweka mahali pangu, na mikono yangu haikujua tofauti.

Kuanzia hapo niliendesha kwa huzuni, nikihesabu: kushoto, kushoto, kushoto. Na kwa huzuni niliendesha bila kosa. Nikaelewa kitu ambacho sikutaka kukielewa. Nikiwa na majonzi niko salama. Furaha ndiyo inayonipeleka kulia. Na katika gari lile, Jumapili baada ya Jumapili, ningefurahi. Nisingeweza kujizuia.

Getini kwake nilizima injini. Ikabaki ikipoa mgongoni mwangu, ikilia tik, tik.

"Nyabo, haikukuwa mbuzi," nikasema. "Ni mimi nilienda kuume, ku njia ya lori. Sikukuwa huku. Nilikuwa kwetu."

Nilidhani atanifukuza, na ningeona ni haki. Badala yake akauliza, "Kwenu wapi?" Nikamweleza kuhusu ziwa, na pikapu, na neno la baba, ile nusu ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameiweka juu ya mkoba wake.

"Mimi pia sikukuwa huku," akasema. "Kama ungeniua sijui kama ningejua." Halafu, kama mtu anayeamka, "Lakini mimi iko na watoto. Na wewe."

"Njo vile, nyabo. Hii kazi siiwezi."

"Basi utaendesha tena wapi?"

"Kwetu."

"Na utarudi lini?"

Nikamwambia ile nusu iliyobaki, kwamba baba alisemaka, kurudi ni Mungu. Hakuuliza maana yake. Tulilifunika gari wote wawili, yeye upande ule na mimi upande huu, tukaifunga kamba ya turubai. Nilipoinama upande wa nyuma, joto la injini lilinigusa usoni kupitia kile kitambaa, nikakaa hivyo kidogo zaidi ya inavyofaa.

Mume wangu alikuwa akiningoja mlangoni, jua likielekea kuzama. Kando yake kulikuwa na begi letu, lile tulilokuja nalo. Alikuwa amenifungia nguo zangu mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya: vitenge viwili vimekunjwa vibaya, sabuni mpya, na juu kabisa, ndani ya nailoni pamoja na kadi za ubatizo za watoto, leseni yangu ya Kongo. Alikuwa ameifuta vumbi.

Alinitazama usoni. Alilibeba begi akalirudisha ndani.