Mashuka Yanayovuka Mto

Kunapambazuka. Boti inagusa ukingo na Mama Foronya anateremka wa mwisho, furushi la mashuka kichwani, maji yakimchuruzika mgongoni. Hageuki kuzitazama nguzo mbili za daraja zilizobaki mtoni. Amekwisha kuzitazama vya kutosha.

Yeye ni dobi. Jina la Mama Foronya alipewa na wauguzi wa hospitali iliyo ng'ambo hii, anaowafulia miaka kumi na moja sasa. Zamani alipita darajani na mkokoteni wake, mashuka yakafika yangali na joto la pasi.

Mwaka jana, wakati wa mafuriko, tishari, chombo bapa cha kubebea saruji, lilikata kamba, likachukuliwa na maji na kuipiga nguzo ya kati. Daraja likalala. Hakufa mtu, ila riziki za wengi zilikwenda na maji.

Tangu hapo ni kesi. Mwenye tishari anasema daraja lilikuwa bovu. Wenye daraja wanasema tishari lilifungwa ovyo. Bima inangoja mahakama iseme nani alipe.

"Mimi sikuligonga, wala sikulijenga," anasema Mama Foronya, akikamua ncha ya furushi. "Lakini ninayelipa ni mimi."

Nusu ya faida yake huishia kwenye nauli ya boti na mkaa wa kupigia pasi mara ya pili. Hilo amelizoea. Linalomnyima usingizi ni maji yanayorukia botini. Mara mbili mashuka yamefika na unyevu, na muuguzi mkuu amemwambia bila kumung'unya maneno: ya tatu, kazi anapewa mwingine.

Ndipo alipojikaza akabisha hodi kwa wifi yake, anayekaa karibu na ukingo. Walikuwa hawasemeshani tangu msiba wa mama mkwe, walipogombania kabati. Aliomba baraza tu, apige pasi upya.

"Nilimwacha asimame nje kwanza," anasema wifi, akipepea makaa. "Jua limwingie kidogo."

"Kidogo? Nusura nikauke mimi badala ya mashuka."

"Na kabati la mama bado liko kwako."

"Kalichukue, wifi yangu. Ukipata pa kulipitishia."

Wifi anaguna, kisha anamsogezea pasi.

Hospitalini, muuguzi mkuu anatumbukiza mkono katikati ya furushi, pale ambapo unyevu hupenda kujificha. Anauacha humo kitambo. Mama Foronya anatazama sakafu.

"Haya, mama. Kesho tena."

Kesi itasikilizwa mwezi ujao, naye ni miongoni mwa wanaodai fidia. "Wakiniita nitakwenda na shuka moja bichi," anasema njiani kurudi botini. "Wakili wa bima alilalie usiku mmoja, halafu tuzungumze."

Na daraja likisimama tena, atafanya nini?

Anakaa juu ya jiwe, anavua kiatu na kumwaga maji.

"Safari ya kwanza sibebi shuka la mtu. Napakia lile kabati mkokotenini, nampelekea mwenyewe. Halafu nijilaze pale barazani kwake, na mtu asiniamshe."