Amina Iliyomfuta Marehemu

Nacheka ili nisilie. Miaka mingi nilipiga taipu kwenye mashine ya chuma, kitufe cha herufi kubwa kikiwa kona ya chini. Juzi, hapa ofisini kwetu Machakos, Mama Mutuku alinisimulia maisha ya marehemu mumewe nami nikiandika wasifu wa kusomwa mazishini kwenye kompyuta mpya, gari la maiti likingoja nje. Likabaki neno Amina. Kidole kikashikilia kona ile ile, nikabonyeza A. Kumbe kwenye kompyuta hapo ni kitufe cha Control, na ukikishikilia, A huchagua maandishi yote, kisha herufi inayofuata huyafuta. Mimi huyo, macho kwa mjane anayelia, nikamalizia, nikahifadhi, nikaprinti. Akapokea karatasi yenye neno moja: mina.

"Mwanangu," akauliza, "na Baba Mutuku umempeleka wapi?"