Pedi za Gemu na Panya wa Rusimbi

Pedi nzuri kuliko zote tulizowahi kuuza, mimi na baba yangu, zilimaliziwa na panya. Watu nikiwaambia hivyo wanacheka, wanadhani nawapiga fiksi. Haya, chekeni, lakini sikilizeni mpaka mwisho. Na nikisema pedi nasema zile za kuchezea gemu, za kushika kwa mikono miwili na kubonyeza, asije mtu akanielewa vibaya tangu mwanzo.

Tulikuwa wakimbizi. Baba alikuwa fundi redio Bujumbura, na mtaani kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya nyumbani, kwa hiyo tulipovuka mpaka ulimi haukutupa shida. Shida ilikuwa macho yake. Yalianza kuingia ukungu tukiwa kambini, mwishowe akawa anaona mwanga na vivuli tu. Tukapewa kibali cha kukaa mjini Kigoma ili atibiwe. Mimi nilikuwa msichana mkubwa tayari, mkali kama pilipili, namshika baba mkono kwenda hospitali na kurudi, na mtu akituangalia sana namuuliza kama tumekula chake.

Aliyetupa chumba ni mama mmoja wa Ujiji, mjane, muuza dagaa, ambaye alikuwa na banda la gemu pale Rusimbi. Chumba kilikuwa nyuma ya banda hilo. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako kwa baba.

"Mzee anajua kazi gani?"

"Redio," nikasema.

"Basi na gemu ataliweza. Vyote si vinakula umeme?"

Mungu amlaze pema yule mama. Hakuuliza anaona au haoni.

Mashine zake zilikuwa zile za zamani za kuchomeka kaseti, ambazo vijana wa Dar walishazisahau. Zenyewe zilikuwa nzima. Zilizokuwa zinakufa ni pedi, na waliokuwa wanaziua ni wavuvi. Dagaa wa ziwa letu huvuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka hawafuati taa, basi wavuvi wanapumzika siku kadhaa, na wengi walikuwa wanahamia bandani kuanzia asubuhi. Sasa mtu aliyezoea kuvuta nyavu mpe kitufe abonyeze! Anakibonyeza kama anamkomoa mtu. Pedi ya plastiki ilikuwa haimalizi mbalamwezi mbili, na kupata nyingine mpaka iagizwe Dar, ije na treni, kama itakuja.

Ndipo yule mama akatuletea kapu zima la pedi zilizokufa, akamwekea baba miguuni. "Mzee, hizi za dukani zimenishinda. Nitengenezee za kwangu."

Baba akachukua moja, akaifungua kwa kupapasa tu. Akagundua kwamba kile kibao cha ndani chenye nyaya kilikuwa bado kizima. Vilivyokwisha ni raba za vitufe na ganda la nje. Tukaanza kubuni. Ganda tukalichonga kwa vipande vya mbao za mvule walivyotuachia waunda mitumbwi ufukweni. Vitufe tukakata kwenye soli za ndala. Chini ya kila kitufe tukaweka springi ya kalamu, na kipande cha shaba kutoka kwenye tochi mbovu. Baba alikuwa ananiambia kila kitu kikae wapi, mimi nakata na kulehemu, chuma chenyewe tunakipasha kwenye jiko la mkaa. Tulikuwa tunagombana kutwa. Nilikuwa nimesahau kwamba baba yangu anaweza kugombana, maana kambini alikuwa anakaa mlangoni toka asubuhi hadi jioni, ukimuuliza kitu anajibu "ego", yaani ndiyo, hata kama hakusikia ulichouliza.

Pedi zikatimia, nzuri, za mraba, zimenyooka kama matofali. Ikabaki kuzilinda na maji, kwa sababu mikono ya wavuvi haikauki. Baba akasema, "Waunda mitumbwi wanafanyaje?" Nikamwambia nimewaona wakiziba mbao zao kwa pamba na mawese. "Basi na sisi mawese," akasema. "Ziwa ni hilo hilo, mbao ni hizo hizo." Tukazipaka mawese mpaka zikawa nyekundu, zinang'aa. Tukazipanga kwenye kapu, tukalala tumeridhika.

Jamani, mawese ni chakula! Mtumbwi uko majini, panya ataufuata wapi? Sisi tulikuwa Rusimbi, ukuta mmoja na stoo ya dagaa ya yule mama. Asubuhi nilipofunua kapu nilipiga kelele mpaka jirani akaja na mchi. Pembe zote zilikuwa zimetafunwa. Iliyopona ni moja tu, ile niliyokuwa nimeiacha juu ya dirisha.

Baba akanyoosha mkono nimpe moja. Akapapasa pembe zake, akairudisha kapuni.

"Fundi gani anapaka chakula kwenye kazi yake?" akasema. "Mwananje, mwanangu, mimi nimekwisha. Jumatatu gari la kambi linaloleta wagonjwa likija, tunarudi nalo kambini."

"Na macho?"

"Macho ya nini tena?"

Hiyo ilikuwa Jumamosi. Nikafunga mizigo, nikaiweka mlangoni. Nilimjua baba yangu. Akirudi kukaa kwenye ule mlango wa kambini hatainuka tena, na mimi nitakuwa namwangalia tu anavyoisha. Niliogopa kuliko nilivyoogopa njiani tulipokuwa tunakimbia, kwa sababu njiani angalau alikuwa ananivuta mkono.

Yule mama akaja kuchukua pedi zake. Mbalamwezi ilikuwa imeshatoka na wavuvi walikuwa wamejaa bandani. Nikajua atamtukana baba, kwa hiyo nikamwahi. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikamwambia kabla hajafungua kinywa ajue kwamba panya ni wa stoo yake, dagaa ni wake, na nyumba yenye mashimo ni yake, na kama anataka chumba chake aseme, tutatoka.

Akaningoja nimalize. Akarekebisha kanga yake begani.

"Umemaliza, Mrundi wangu? Haya, lete hizo pedi."

"Zimeliwa!"

"Zinabonyezeka?"

Zilikuwa zinabonyezeka. Panya walikula mbao, nyaya hawakuzigusa. Akabeba kapu lake kichwani, akaenda. Nami nikamfuata, nikiwa nimejiandaa kupigana na mvuvi yeyote atakayecheka kazi ya baba yangu.

Na kweli walicheka. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa. Lakini walikaa wakacheza. Baada ya muda nikasikia wawili wanagombana kwenye benchi. Mmoja alikuwa amepewa ile pedi nzima, iliyopona dirishani, naye anaikataa. "Hii inachoma. Nipe ya panya!" Mwenzake hataki kumwachia. Nikamuuliza inamchoma wapi. Akanifungulia kiganja. Yoo! Kilikuwa kimepasuka pasuka kwa kamba za nyavu, na zile pembe zetu zilizonyooka vizuri zilikuwa zinaingia moja kwa moja kwenye nyufa. Zilizotafunwa zilikuwa zimekaa mviringo, zinalala mkononi.

Nikakimbia kumwambia baba. Hakuamini. Akadhani namfariji, akaniambia mizigo ibaki imefungwa. Nikapandwa na hasira, nikageuka kurudi bandani kumleta shahidi, kumbe yule mama alishanitangulia. Anakuja anamkokota yule mvuvi kwa shati. Akamkalisha mbele ya baba, akamwambia, "Mpe Mzee mkono wako."

Baba akaushika. Akapitisha kidole gumba kwenye kila ufa, polepole, akaukunja ule mkono, akaukunjua, akapima unene wa vidole. Yule mvuvi, jitu zima, ametulia kama anayefungwa kidonda. Baba akauliza kamba inapita wapi. Akauliza kama kidole cha mwisho bado kinakunjika. Mwishowe akasema, "Msasa uko wapi?"

Siku hiyo na Jumapili yote hatukufanya kingine. Tulianza upya. Pembe tukazisugua mpaka zikaisha kabisa, na mawese tukayaacha yaende kwenye maharage. Baadaye pedi hizo zilinunuliwa mpaka na mabanda ya Katubuka na ya karibu na bandari, na kila mnunuzi alikuwa anauliza kama ndizo zile za panya. Lakini Jumapili ile zilikuwa hazijafika popote. Ilikuwa moja tu, iko magotini kwa baba, na mizigo yetu niliyoifunga imekaa pale pale mlangoni.

Jioni yule mama akaja kuitaka. Baba akaipapasa upande mmoja, akaipapasa upande wa pili, akatikisa kichwa.

"Bado. Njoo kesho."

Yule mama akafyonza. "Nyie mafundi wote waongo, kazi yenu njoo kesho, njoo kesho." Akaondoka huku analalamika njia nzima.

Kesho yake ilikuwa Jumatatu. Nikaingia ndani, nikaanza kufungua mizigo.