Florian Ndunguru na Msitu Asioujua

Florian Ndunguru alichaguliwa kuwa mwenyekiti wa kamati ya maliasili ya kijiji chetu kwa sababu moja tu: alikuwa na sauti kubwa, na wengine tulikuwa na kazi za kufanya. Mimi, Aurelia, nilichaguliwa siku hiyohiyo kuwa katibu kwa kuwa mwandiko wangu unasomeka. Miaka sita sasa nakaa upande wake wa kushoto nikiandika maneno yake, na sijakutana na mtu mwingine anayejua kidogo namna ile na kuzungumza kwa urefu namna ile.

Kijiji chetu kiko juu ya Matiri, pale mashamba ya kahawa na mahindi yanapokoma na msitu wa hifadhi wa Lihungo unapoanza. Siku anga ikiwa safi, ukipanda hadi ukingo wa juu unaliona Ziwa Nyasa kule chini. Florian hajawahi kuliona kutoka hapo. Anauogopa msitu. Simsingizii. Mke wake, Rosina, ndiye aliyenisimulia kwamba hata ujanani, akitumwa kutafuta mbuzi waliopotea, alikuwa anaishia mpakani na kurudi kusema mbuzi hawapo.

Walimpeleka semina ya siku tatu Songea. Alirudi na cheti, koti la kijani na buti. Cheti akakitundika ofisini, na tangu hapo akawa anatufundisha msitu sisi tuliozaliwa chini ya miti ile. Alimwambia mzee Tarsisi, aliyekuwa akilinda chemchemi zetu kabla kamati haijazaliwa, kwamba kima ni waharibifu na idadi yao itadhibitiwa. Tarsisi akamuuliza ameshawaona wangapi. Florian akajibu kwamba hilo ni suala la kitaalamu.

Ukali wake wote aliwawekea wanawake. Mwaka mmoja, mwezi wa Januari, alimkamata mama yangu mkubwa, Hedwiga Kapinga, akitoka msituni na mzigo wa kuni kavu zilizoanguka zenyewe. Sheria ndogo za kijiji zinaruhusu kuni hizo Jumatano na Jumamosi, na siku hiyo ilikuwa Jumamosi. Alimkalisha kwenye benchi la ofisi tangu asubuhi hadi jioni, kisha akamtangazia kuwa ni marufuku kukanyaga hifadhini mpaka kamati ikae. Mama mkubwa ana miaka sitini na mitatu. Hakubishana. Alimtazama kama mtu anavyomtazama kuku aliyeingia kanisani.

Zuio lile nililiandika mimi, kwa mkono wangu. Nalisema ili mtu asidhani nilikuwa na nafuu kuliko Florian.

Mwezi wa tatu wakaja wageni wawili kutoka chuo kikuu, mwalimu mmoja aitwaye William na mwanafunzi wake, Glorious. Walitaka kuhesabu kima na kuorodhesha ndege. Tarsisi alijitolea kuwaongoza, lakini Florian akasema utaratibu ni mwenyekiti kuongoza wageni. Nadhani aliamini watasimama barabarani, wapige picha, waondoke. Waliposema wanataka kufika ukingo wa juu nilimwona akimeza mate, ila koti alishalivaa.

Ya huko ndani nimeyapata kwa Glorious. Baada ya saa moja ukungu ulishuka na njia ikapotea. Florian akawazungusha. Mara tatu walipita kwenye mpodo uleule ulioanguka, na kila mara aliutaja kwa jina la mti tofauti. Glorious alipomuuliza kama si mti mmoja, alisema miti ikianguka hufanana. Ndipo juu ya vichwa vyao kima dume akalia, mlio mmoja mkavu wa kuwaonya wenzake. Florian akasema, "Chui," akageuka na kukimbia. Hata kuwaambia wamfuate hakuwaambia.

Aliingia ofisini saa sita mchana, matope hadi kifuani, mguu mmoja hauna buti. Akaniambia wageni wamekataa kutii maelekezo, na akaniagiza niwaite mgambo. Nilimuuliza amewaacha wapi. Alinyoosha mkono kuelekea mlima mzima, akasema, "Kule."

Mgambo walikuwa hawajakusanyika wageni walipotokea wenyewe, na mbele yao alikuwa mama mkubwa Hedwiga na kikapu cha uyoga. Alikuwa ameingia msituni alfajiri, zuio liwepo lisiwepo. Alisikia sauti ya Glorious ikiita, akawafuata, kisha akawateremsha kwa kufuata kijito. Njiani aliwaonyesha kundi la kima kumi na tisa na tundu ambamo hondohondo jike alikuwa ameatamia. William alikuwa anaandika bado huku anatembea.

Mtu mwenye haya angekaa kimya. Florian alisimama, mguu mmoja mtupu, mbele ya watu wawili aliowatelekeza, akamnyooshea kidole mwanamke aliyewatoa.

"Huyu mama ameingia hifadhini bila kibali," akasema. "Katibu, andika."

Mama mkubwa akatua kikapu chake taratibu.

"Andikeni tu, mwanangu," akamwambia Florian. "Ila andikeni saa niliyoingia mimi, na saa uliyotoka wewe."

Nikaandika. Wiki mbili baadaye, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, niliisoma taarifa nzima bila kuruka neno: ukungu, mpodo, mlio wa kima, buti, na lile "kule". Kicheko kilianzia kwa wanawake waliokaa nyuma, kikaja mbele polepole. Florian alisimama kupinga kwamba taarifa haijathibitishwa na mwenyekiti. Mzee Tarsisi, bila kunyanyuka alipokaa, akasema yeye anaithibitisha. Zuio likafutwa papo hapo.

Wageni walirudi mwezi wa sita na barua iliyomtaja Hedwiga Kapinga kuwa mwongozaji wao. Sasa kila wakija anapanda nao, na anayajua makundi matatu ya kima kwa sura. Florian anakaa kwenye kizuizi cha kuingilia hifadhini na daftari la wageni, akiwasimulia watu wasiomjua jinsi alivyomvuta chui peke yake ili wasomi wawili waokoke. Chui kwenye hadithi hiyo anazidi kunenepa.

Mwaka jana tulifanya uchaguzi wa kamati. Florian alipita tena. Hakuna mwingine aliyechukua fomu, hata mimi, kwa hiyo dharau niliyo nayo kwake inabidi nigawane naye. Nilikwenda kumweleza mama mkubwa nikiwa nimekasirika. Alikuwa anapalilia kahawa, na hakuacha jembe.

"Mwacheni hukohuko ofisini," akasema. "Akitoka huko atataka kulima, na shamba lake linapakana na langu."