Nguzo ya Hjördis na Kahawa ya Saa Tisa

Hjördis Ekblad hana breki. Aliacha kuchomelea mabomba hapahapa Gothenburg, tayari ana wajukuu, akaja maabara yetu kusomea udaktari wa vyuma. Kazi yake? Anachonga nguzo ya aloi ya titani, nyembamba kuliko unywele mara mia, anaikandamiza kwa ncha ya almasi, anaangalia itakavyosalimu amri. Pande kubwa la titani hukubali polepole. Kijiguzo kama hicho, weee, kina kiburi! Kinagoma, kinagoma, halafu ghafla kinateleza mshazari kama slesi za mkate uliosukumwa.

Adui ni mtikisiko. Mtu akipita koridoni na mabuti yake, ncha inaruka, nguzo kwisha. Usiku nao ni zamu ya treni za mizigo kutikisa jengo. Mwishowe ikabaki nguzo moja tu, na wiki iliyofuata alitakiwa kupigilia tasnifu yake ukutani kwa msumari, kama tufanyavyo wote kabla ya kuitetea.

"Bila jaribio moja safi, nyundo ingoje Septemba," Torgny, profesa wetu, akamwambia.

"Baba yangu ana miaka tisini na moja na nyonga ya titani. Nani kamwahidi Septemba?"

Saa tisa alasiri tukaenda kwenye kahawa. Hjördis hakutokea. Kwetu kukosa kahawa ni kama kukosa mazishi, nikamfuata nimefura.

"Wewe, unaumwa?"

"Shh! Gunvor, sikiliza."

Nikasikiliza. Jengo zima kimya! Wote walikuwa wamekaa, midomo imejaa keki.

"Miaka yote nami nilikuwa kulekule nakula," akasema, anacheka. "Rudi uwazuie. Asiinuke mtu!"

Nikasimama mlangoni pa chumba cha kahawa. "Atakayenyanyua kalio namvunja mguu!"

Wakadhani utani. Nikawakatia keki tena, na tena. Torgny akaanza kujinyonganyonga.

"Gunvor, dada yangu, choo..."

"Jibane!"

Mara tukasikia ukelele: "Imetelezaaa!"

Tukakimbia na vikombe mikononi. Kwenye skrini nguzo imeteleza mshazari, kidaraja kilichoachwa na mtelezo kinang'aa, safi kabisa! Tukarukaruka kama wendawazimu. Torgny akambusu Hjördis shavuni, kisha akatimua mbio chooni, na hakuna aliyemcheka sana kuliko mimi.

Siku ya msumari mzee Ture, baba yake Hjördis, alisimama mbele kwa nyonga yake ya titani, kavaa tai. Niliona fahari. Hjördis akainua nyundo, kisha akasita, akanigeukia.

"Gunvor, si una nguzo kwenye mashine sasa hivi?"

Mungu wangu! Nilikuwa nayo, inakandamizwa ghorofa iliyo juu yetu, na nilikuwa nimeichonga wiki nzima. Nikamtazama mzee Ture.

"Gonga, dada," nikasema.

Akagonga.